Fyuzi Inakata Lini?

Dereva alikuwa anazitunza kwenye kiberiti. Alikifungua kwa kidole gumba, akakipindua juu ya meza ya mjomba, zikamwagika fyuzi kumi na moja za bluu, zote za ampea 15, zote zimekatika. "Hizi ni za mwezi huu peke yake, fundi," akaniambia.

Ilikuwa mwaka 1998, Mombo, pale njia ya kupanda Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu ya Segera kwenda Moshi. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na miezi sita tu kwenye kibanda cha mjomba wangu, fundi umeme wa magari. Jina la fundi lilikuwa bado kubwa kwangu. Siku hiyo mjomba alikuwa ameshuka Tanga kununua vifaa, kibanda ameniachia mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux, pikapu ya miaka ya 80, mali ya mama mmoja mfanyabiashara wa mboga. Kila siku ilipanda Lushoto ikiwa tupu au na vitu vichache vya dukani, ikashuka jioni na kabichi, karoti na matenga ya nyanya, mpaka Mombo ambako mzigo unahamishiwa kwenye malori ya Dar es Salaam. Fyuzi iliyokuwa inakata ni ile yenye maandishi STOP kwenye boksi lililo chini ya dashibodi, karibu na goti la kulia la dereva. Hiyo ndiyo ya taa za breki. Ikikata, gari linatembea kama kawaida, ndiyo maana madereva wengi huliona jambo dogo. Lakini njia ile ni kilomita 30 na ushee za kona zilizochongwa ubavuni mwa milima ya Usambara, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na mwaka ule ilikuwa bado ina makovu ya mvua za El Niño: mashimo, vifusi pembeni, lami iliyomegeka. Ukishuka usiku bila taa za breki, basi lililo nyuma yako halijui kwamba umesimama mpaka limekufikia.

Dereva alitaka kupanda mchana uleule akachukue mzigo. Nyanya hazingoji fundi. Nikachomoa fyuzi iliyokatika, nikatafuta nyingine kwenye kopo la mjomba. Za bluu zilikuwa zimekwisha, za kijani zilikuwepo. Kijani ni ampea 30. Nilishawaona watu pale stendi wakifanya hivyo, wengine wakikunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuipachika, na magari yao yakaondoka. Nikaiweka ya kijani. Dereva akakanyaga breki, taa zote mbili zikawaka nyuma, nyekundu safi. Akanilipa, akaondoka. Kiberiti na fyuzi zake kumi na moja nikakisukuma pembeni ya meza, bila kuiangalia hata moja.

Siku ya nne asubuhi, Hilux ilirudi imevutwa kwa kamba nyuma ya lori.

Mjomba alikuwa amesharudi. Alipofungua mlango wa dereva, harufu ilitoka kabla hajainama. Harufu ya ganda la waya lililoungua haifanani na harufu nyingine. Ina utamu fulani, inakwaruza koo, na inakaa kwenye vitambaa vya viti kwa wiki nyingi. Alifungua kifuniko cha chini ya usukani. Fungu la nyaya lililotakiwa kuwa na rangi saba au nane lilikuwa limeshikana likawa kitu kimoja cheusi, kama sukari guru iliyosahaulika jikoni, na humo ndani shaba tupu inang'aa hapa na pale. Kisha akachomoa ile fyuzi ya kijani. Akaipangusa kwa kidole, akainyanyua kwenye mwanga wa jua. Uzi wake wa ndani ulikuwa mzima, hauna hata alama.

Akaniwekea kiganjani. "Hii imepona," akasema. "Nyaya ndizo zimekufa kwa niaba yake."

Sikuwa na la kusema. Shuleni nilifundishwa kwamba fyuzi hulinda chombo: taa, redio, mota. Siku hiyo, nikiwa nimeishika ile ya kijani, ndipo nilipoelewa kwamba inalinda waya. Mtengenezaji wa gari anaangalia unene wa waya, anajua unaweza kubeba mkondo kiasi gani bila kupata joto la kuyeyusha ganda lake, kisha anaweka mahali pamoja palipo dhaifu kuliko pengine pote, ili kukiwa na la kukatika pakatike pale, mbele ya macho, panapobadilishwa kwa sekunde kumi. Ukiweka 30 penye 15 shoti haipungui. Unachofanya ni kuhamisha udhaifu kutoka kwenye boksi kwenda kwenye waya uliofichwa nyuma ya dashibodi.

Mama mwenye gari alifika saa 4. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye nyaya zilizoungua. Alikuwa na matenga 20 ya nyanya kwa mkulima kule juu, ameshayalipia, na hana cha kuyashushia. Nikamwambia ni mimi niliyeweka ile fyuzi. Mjomba hakunitetea wala hakunisukuma mbele, aliniacha niseme mwenyewe. Yule mama alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, ungeniambia hujui, ningengoja."

Sijawahi kuisahau sentensi hiyo. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka 25 sasa, na mara nyingi kinywa changu kimetaka kusema "nimeshaelewa tatizo" kabla sijaelewa. Nikaikumbuka, nikafunga mdomo.

Nilitegemea mjomba achukue testa na kuingia chini ya gari. Badala yake aliagiza chai, akamkalisha dereva na utingo kwenye benchi, akakaa mbele yao kama mtu anayepokea wageni. Akauliza, "Ile fyuzi ilikuwa inakata lini?"

"Wakati wowote, mzee. Haina saa."

"Hakuna kisicho na saa. Mara ya mwisho ilikuwa wapi?"

"Tukishuka. Chini ya Soni."

"Na ya kabla yake?"

"Tukishuka vilevile."

"Kupanda je?"

Dereva akafikiri. "Kupanda haikati."

Hapo niliingilia. Nilisema ni breki: kupanda mtu hakanyagi breki sana, kushuka anakanyaga kila kona. Mjomba hakukataa. "Inawezekana," akasema. "Na kushuka anakuwa na nini nyuma? Kabichi. Kwa hiyo kushuka kuna mambo mawili, breki na mzigo. Ni lipi?"

Dereva hakujua. Utingo, kijana wa miaka kama 17 aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyejibu. "Mzee, kuna siku tulipanda na saruji. Tulipokaribia Soni ng'ombe wakakatiza barabara, kaka akafunga breki ghafla. Fyuzi ikakata palepale."

Mjomba akaweka kikombe chini. Kupanda, lakini kuna mzigo. Kwa siku ile moja ya saruji, mlima ukatoka kwenye hesabu.

"Na usiku wa moshi?"

Dereva alieleza kwamba aliona moshi ukitoka chini ya usukani akiwa katikati ya mteremko. Akasimama, lakini breki ya mkono haikuwa inashika, kwa hiyo akaendelea kukanyaga pedali mpaka utingo alipopata jiwe la kuzuia tairi. Alipoachia mguu, moshi ukaanza kupungua wenyewe. Ndipo utingo akakimbia mbele akachomoa kichwa cha betri.

Mimi niliisikia habari ile kama kisa cha ajali. Mjomba aliisikia kama ramani. Akachukua kipande cha mkaa, akachora kwenye ubao wa ukuta wa kibanda: betri, fyuzi, swichi iliyo juu ya pedali ya breki, halafu mstari mrefu kwenda mpaka nyuma, taa mbili, na bodi ya gari ambako umeme unarudi. Akaniuliza umeme unalala wapi mguu ukiwa hauko kwenye pedali. Nikaonyesha: unaishia kwenye swichi. Waya unaotoka betri hadi pale una moto saa zote, hata gari likizimwa. Kama shoti ingekuwa sehemu hiyo, fyuzi ingekata hata gari likiwa limeegeshwa usiku. Lakini moshi ulipungua mguu ulipoondoka. Basi ugonjwa uko ng'ambo ya swichi, kwenye ule mstari mrefu wa kwenda nyuma. Akafuta nusu ya mchoro kwa kiganja. Bado hakuwa amegusa gari.

Ndipo akakumbuka kiberiti, akazimwaga zile fyuzi kumi na moja na kuzipanga mstari mmoja. Zote zilikuwa zimefuka weusi kwenye kidirisha cha plastiki, na ndani punje ndogo za chuma zimerukia kuta. Akanifundisha kusoma. Fyuzi iliyokatika kwa kuelemewa, tuseme mota ya feni iliyochoka na inayokula umeme kuliko haki yake, huyeyuka taratibu: unakuta uzi umeachana katikati, kingo laini, kidirisha kimebaki karibu safi. Fyuzi ya shoti hupasuka kwa kishindo, mkondo mkubwa unapita kwa mara moja, chuma kinaruka, plastiki inaungua. Hizi zetu zote zilikuwa za kishindo. Kumi na moja, na zote zinasema neno moja. Nilikuwa nazo mezani siku tatu.

Akanitaka pia nipige hesabu, na hiyo nilikuwa naiweza. Taa ya breki ya gari lile ni globu ya wati 21. Ziko mbili, jumla wati 42. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 3 na nusu. Fyuzi ni ya 15. Taa zile hata zingekuwa nne zisingeweza kuikata. Kanuni ambazo Georg Ohm alizichapisha mwaka 1827 nilizikariri kidato cha pili kwa ajili ya mtihani, na ilikuwa ni mara yangu ya kwanza kuona hesabu za umeme zikifuta jambo kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Ilinichukua siku nne kutengeneza nilichokiharibu. Mjomba alinipa nyaya mpya, kila moja kwa rangi na unene wake, na akaniambia niunganishe peke yangu: kumenya ganda, kusokota shaba, kulehemu, kufunika, kufunga tepu nyeusi, kisha waya unaofuata. Niliufahamu mkono wa dereva yule, redio yake, kipasha moto ambacho hakijawahi kufanya kazi, kila kitu kilichopita pale. Yule mama alikodi gari lingine kwa siku hizo, na nusu ya gharama mjomba aliilipa kwa pesa yake. Hakunieleza. Nilikuja kuambiwa na mama yangu baada ya miaka mingi.

Siku ya tano tukaanza kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Kifaa cha mjomba kwa kazi hii kilikuwa kidogo kiasi kwamba wageni hawakukitilia maanani: soketi ya taa yenye globu ya wati 21, na nyaya mbili ndefu kama urefu wa mkono. Unachomoa fyuzi, unapachika zile nyaya mbili mahali pake. Sasa umeme wote wa mstari huo unapita ndani ya globu, na globu haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi. Kukiwa na shoti, globu inawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kinachoungua. Shoti ikiondoka, inazimika. Unaweza kutikisa waya saa nzima, ukaangalia globu tu, wala usimalize pakiti ya fyuzi. Sharti moja: chomoa kwanza taa za nyuma. Ukiziacha, umeme utapita kwenye hizo taa kihalali, globu yako itawaka, na utaanza kufukuza shoti isiyokuwepo. Kwa sababu hiyohiyo mita inadanganya wasioijua, kwa kuwa uzi wa globu iliyo baridi una ukinzani mdogo sana, chini ya omu moja, na fundi mgeni akiuona usomaji ule anaapa kwamba ni shoti.

Tulichomoa taa za nyuma, tukapachika globu, mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva nikakanyaga breki. Globu giza. Mjomba akatikisa nyaya za nyuma, akagonga chesisi kwa ubao, akapiga teke bampa. Giza. Kwa fundi mwenye haraka, hapo gari ni zima: mwite mwenyewe, mwambie limepona, chukua pesa.

Mjomba alitoka nje akawaita vijana wa kijiweni, wale wanaopakia mizigo stendi. Wakaja wanane. Akawaambia wapande nyuma ya pikapu wasimame. Gari likashuka, springi zikalalamika. Mguu wangu uko kwenye breki, macho yangu kwenye globu iliyoning'inia karibu na goti. Giza bado.

"Rukeni," akasema mjomba.

Wakaruka pamoja, wakicheka, na gari likazama. Globu ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena waliporudi chini, nyeupe kali, mwanga wake nikauona kwenye mikono yangu mwenyewe. Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni. Nikaachia pedali huku vijana bado wanaruka: giza. Nikakanyaga: ikapepesa kwa mdundo wa miguu yao. Mzigo peke yake hautoshi, breki peke yake haitoshi. Lazima vyote viwili vikutane, na chini ya Soni, gari limejaa, shimoni, mguu kwenye breki, vilikuwa vinakutana kila jioni.

Mjomba aliingia chini akanivuta nami nikalala ubavuni mwake. Nyaya za nyuma za Hilux hupita ndani ya ubavu wa chesisi, zimeshikwa na vibano vidogo vya chuma. Juu ya ekseli palikuwa na kibano kimoja kimekatika. Miezi michache nyuma, fundi wa kuchomelea alikuwa ameongeza vyuma vya kuinua mbao za bodi ili kabichi ziingie nyingi zaidi. Kibano kilikuwa kinamzuia, akakikata, na nyaya akaziacha zining'inie. Zikashuka sentimita chache, zikalala kwenye ukingo wa chuma, mahali ambapo ekseli hupanda kugonga raba yake gari linapobeba mzigo na kutumbukia shimoni. Mjomba alizisafisha matope kwa kitambaa chenye petroli. Akageuza fungu kwa vidole viwili, akanionyesha. Kwenye waya mmoja, ganda lilikuwa limeliwa, na shaba ilichungulia kwa ukubwa wa punje ya mchele. Ukingo wa chuma mbele yake ulikuwa na doa dogo lililoungua.

Punje ya mchele. Kwa ajili yake zilikatika fyuzi kumi na moja, likaungua fungu zima la nyaya na kukwama matenga 20 ya nyanya.

Tena nilielewa kwa nini ile ya 30 haikukata. Chuma chenye kutu na matope hakipitishi umeme kama chuma safi. Usiku ule waya ulipokuwa unagusa pale, mkondo ulitosha kuikata fyuzi ya 15, lakini haukutosha kuikata ya 30. Ulipita, kona baada ya kona, waya ukiongezeka joto kila mguu unapokanyaga, na fyuzi yangu ikitazama. Shoti isiyo kamili ni hatari kuliko iliyo kamili, nami ndiye niliyeiondolea mlinzi.

Kutengeneza kulichukua dakika 40: kulehemu, kufunika, kupitisha nyaya zote ndani ya bomba la plastiki, kibano kipya, na kipande cha mpira penye ukingo. Tukarudisha fyuzi ya bluu. Vijana wakaruka tena mpaka wakachoka.

Siku hizi nina gereji yangu Tanga. Nina mita nzuri, nina mashine ya kusomea kompyuta za magari, na ile globu yenye nyaya mbili inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, ndiyo inayotumika zaidi kwa kazi ya namna hii. Magari yamebadilika sana. Nyaya zimekuwa nyembamba, kila kitu kina kompyuta yake, na ukijaribu kupachika kitu ovyo unaweza kuua kifaa cha bei kubwa. Lakini ganda la waya bado linalika kwenye chuma, kama zamani.

Yanayoletwa mengi ni mepesi, mradi uulize vizuri. Fyuzi ya kiberiti cha gari inakata kila simu inapochajiwa: angalia ndani ya tundu, mara nyingi utakuta sarafu ya mtoto au ncha ya chaja iliyovunjika. Fyuzi ya taa ndogo imeanza kukata "ghafla tu": uliza nani amebadilisha globu karibuni, kwa sababu globu ya ncha moja ikilazimishwa penye soketi ya ncha mbili inaunganisha njia ambazo hazitakiwi kuonana. Fyuzi inakata mlango wa nyuma ukifunguliwa: usihangaike na boksi, nenda kwenye bawaba, ambako nyaya zinakunjwa na kunyooshwa kila siku kwa miaka. Sisi wa pwani tuna la ziada, chumvi. Plagi ya tela iliyoachwa wazi hapa Tanga inaota ukoko wa kijani ndani, na mvua ya kwanza inaukamilisha.

Linaloniudhi ni fyuzi zenyewe. Nimewahi kukata kwa kisu fyuzi mpya iliyoandikwa 15 nikakuta uzi wake mnene kuliko wa 20 niliyokuwa nayo mkononi. Mtu ameuziwa ulinzi usiokuwepo, na hawezi kujua mpaka siku anasikia ile harufu. Tangu hapo nikinunua pakiti mpya naitoa sadaka moja: naipitishia umeme wa betri mezani nikipima, mpaka ikatike. Ikigoma, pakiti nzima naitupa. Mafundi wenzangu wanaona napoteza pesa. Hawakuiona ile ya kijani ikiwa nzima.

Kwa wanaojifunza kwangu nina sharti moja ambalo wanalilalamikia. Gari la fyuzi likija, bisibisi haiguswi kabla hawajaandika kwenye daftari majibu ya mwenye gari: inakata ukiwasha nini, gari limebeba nini, mvua au jua, asubuhi au usiku, nani alilitengeneza mara ya mwisho na alitengeneza nini. Na asiulizwe dereva peke yake. Utingo, konda, mtoto anayekaa nyuma, wote wanaona kitu.

Wiki hii kuna Noah ya baba mmoja wa hapa mjini. Fyuzi ya taa za ndani inakata, nayo imeshabadilishwa mara sita. Imepita kwa mafundi wawili, wote hawakuona kitu. Kijana wangu ameijazia kurasa mbili za daftari. Inakata siku za shule tu, asubuhi tu. Jumamosi na Jumapili haikati, hata wakienda Muheza na kurudi. Nimeipima kwa globu jana na juzi, giza tupu. Nimemwomba baba yule aniletee gari kesho kama linavyokuwa siku za shule, kila mtu kwenye kiti chake. Watakuja saa 12 na nusu asubuhi, watoto watano na mabegi yao.

Globu nimeshaishusha msumarini.